Watoto Wadogo na Moto wa Jikoni



Twapenda kuandika juu ya jambo ambalo halisemwi sana mimbarini, wala si katika masuala ambayo masheikh huulizwa kila siku, nalo ni namna watoto wetu wadogo wanavyoumia ndani ya nyumba zetu wenyewe. Sisi hatukusomea utabibu. Elimu yetu ni ya chuo cha Kurani na madarasa saba ya shule ya msingi. Lakini mwalimu wa chuo huona kitu ambacho wengine hawakai wakakitazama: huona mikono ya watoto kila siku, imenyooshwa juu ya juzuu, kidole kikifuata herufi. Katika mikono hiyo twasoma habari za majumba. Haupiti mwaka asiletwe kwetu mtoto mwenye vidole vilivyoshikamana, au mwenye kiganja ambacho ngozi yake imevutwa kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto, au mwenye kovu lishukalo kutoka kidevuni hata kifuani. Ukimwuliza mama yake, jibu huwa ni neno moja: "Uji, maalim." Au: "Chai."

Kwa wasioijua nchi yetu, Nyololo iko katika wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa, kando ya barabara kuu itokayo Mafinga kwenda Makambako, Mbeya na hata Zambia. Na ndipo ilipochepuka ile barabara ya Igowole, Kibao na Mgololo. Wasafiri wa mabasi hupita hapa wakafunga vioo, kwa sababu ya baridi. Mwezi wa sita na wa saba kuna asubuhi ambazo majani huamka meupe kwa sakitu. Mtu wa pwani hupikia uani na kuuacha moto wake huko huko. Sisi moto twauita ndani kama mgeni mtukufu, tukaketi kuuzunguka, na mtoto mdogo hupewa nafasi ya mbele kwa sababu yeye ndiye anayetetemeka zaidi. Hivyo mapenzi yenyewe ndiyo humweka karibu na hatari. Hapa hatusemi habari za wazazi wasiopenda watoto wao. Hao ni wachache, na makala haya hayawafai.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walitoa ripoti kubwa juu ya majeraha ya watoto, wakasema ya kuwa watoto zaidi ya 830,000 walikuwa wakifa kila mwaka kwa ajali, maana yake zaidi ya 2,000 kila siku ya Mungu. Na ajali walizozitaja mbele ya nyingine ni hizi tuzijuazo sote: barabara, maji, moto, kuanguka na sumu. Ndani yake hamna ugonjwa wa ajabu wala ugeni wowote. Nne katika hizo tano waweza kuzikuta katika nyumba moja ya vyumba viwili, asubuhi moja, kabla jua halijapanda.

Katika hizo, kwetu sisi moto ndio mkubwa. Na tunaposema moto, msomaji asidhani twasema habari za nyumba kuteketea. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili aghalabu haunguzwi na ndimi za moto. Huunguzwa na kitu cha majimaji kilichotoka motoni. Ni sufuria ya uji iliyoepuliwa ikawekwa chini ipoe, ni birika la chai ambalo mkono wake umeelekea nje, ni karai la maji ya kuogea ambalo mama ametia ya moto kwanza kisha akageuka kufuata ya baridi. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu. Chai ambayo mtu mzima aweza kuishika kinywani akaimeza kwa kupuliza, yatosha kuubabua mkono wa mtoto hata nyama. Uji ni mbaya zaidi ya chai, kwa kuwa chai humwagika ikapita, lakini uji hunata na kuendelea kuunguza pale pale uliponata. Na tumwangalie mtoto mwenyewe: ndiyo kwanza amejifunza kusimama, na kila akisimama hutafuta cha kushika. Kilicho karibu ni ukingo wa sufuria.

Watu wengine wasema dawa ya hayo ni kuacha kuni na mkaa. Ni jambo jema, nasi twalitamani. Serikali yetu mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikakusudia kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wakipikia nishati hiyo. Moshi utapungua na macho ya mama zetu yatapona. Walakini tazameni ile mitungi midogo ya gesi ambayo jiko lake hukaa juu ya mtungi wenyewe: nyumba nyingi huiweka sakafuni, na sufuria ikishatelekwa juu yake inakuwa sawasawa na kifua cha mtoto. Uji haubagui, ukipikwa kwa gesi huunguza kama ule wa kuni.

Jambo hili si la zama zetu tu. Katika hadithi zilizopokelewa na Imamu Ahmad na wengineo, imo habari ya sahaba Muhammad bin Hatib, ambaye alizaliwa Uhabeshi wazazi wake walipohajiri huko. Mama yake, Ummu Jamil, alikuwa akirudi naye Madina. Ulipobakia mwendo wa usiku mmoja au miwili, alikaa akampikia chakula. Kuni zikamwishia. Akatoka kwenda kutafuta kuni nyingine, na mtoto akaishika ile sufuria, ikampindukia mkononi. Mama akambeba hata kwa Mtume (s.a.w.), naye akampangusa kichwa, akamwombea, na mkono ukapona. Sisi twapenda sana kuwasomea akina mama riwaya hii, kwa sababu kila mmoja wao hujiona ndani yake: kuni zimekwisha, ametoka kidogo tu, sufuria imebaki. Huyu si mwanamke mzembe. Ni mwanamke aliyehajiri mara mbili kwa ajili ya dini yake. Na katika riwaya hiyo hatukusoma kwamba Mtume alimkemea.

Hapo ndipo husimama wale wasemao kuwa yote ni kadari, basi ya nini kuhangaika. Mzee mmoja wa hapa petu, ambaye twamheshimu kwa umri wake na kwa kutokosa safu ya kwanza, alitwambia baada ya darsa: "Maalim, siku ya mtoto ikifika, hata ukimfungia sandukuni atakufa." Tukamjibu, "Ni kweli, mzee wangu, ajali haina kinga. Lakini mbona ng'ombe wako huwatia zizini jua likichwa, ukapachika na komeo?" Akacheka, akasema ng'ombe ni kitu kingine. Tukamkumbusha habari ya Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa akienda Sham, akaambiwa kwamba huko limeingia tauni, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida alimwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu na kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyekuta bonde lenye pande mbili, moja lina majani na moja kavu, na popote atakapolisha atakuwa amelisha kwa kadari. Mzee alinyamaza. Hatusemi kuwa alikubali, maana mzee wetu si mtu wa kukubali siku moja.

Sasa tueleze jambo lililotusukuma kuandika, ambalo ni zito kwetu kuliko makovu.

Katika chuo chetu alikuwamo msichana wa miaka tisa, mwepesi wa kuhifadhi, aliyekuwa amekwisha fika Suratu Yasin. Ghafla akaacha kuja. Wiki ya kwanza tukadhani ni homa, wiki ya pili tukauliza, tukaambiwa kuwa mdogo wake ameungua na yuko hospitali. Ilipopita wiki ya nne, na mdogo amekwisha kurudishwa nyumbani, tukaona ni wajibu wetu kwenda kuwapa pole.

Tulimkuta mtoto mgonjwa amekaa mapajani mwa mama yake, mkono wa kulia umefungwa, vidole viwili vimejikunja. Dada yake hakuwapo sebuleni. Baada ya kujuliana hali tukauliza habari, na baba, ambaye ni mpasua mbao, akatwambia: "Maalim, sisi tulikuwa kazini. Mama alikwenda kuchimba viazi. Tukamwachia mtoto, naye akachezea. Ndiye aliyemchoma mwenziwe." Alisema kwa sauti ya kutosha kusikika chumba cha pili.

Tukamwuliza, "Ulimwachia nani mtoto?"

"Dada yake."

"Na sufuria ya maharage ulimwachia nani?"

"Dada yake."

"Na moto?"

Hakujibu. Akatazama chini. Tukamwuliza msichana ana umri gani, akasema tisa. Tukamwambia, "Ndugu yetu, umetusikia mara nyingi tukifundisha kwamba Mtume (s.a.w.) amesema kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni mtoto mpaka abaleghe. Mwenyezi Mungu hamwandikii. Basi ninyi hapa nyumbani mmepata wapi wino?"

Mama ndiye aliyeanza kulia. Baadaye tukapata habari yenyewe: maharage yalikuwa motoni, kuni zikafifia, msichana akamketisha mdogo wake juu ya mkeka na kukimbilia nyuma ya nyumba kuleta kuni. Habari ile ile ya Ummu Jamil, neno kwa neno. Tofauti ni kwamba Ummu Jamil alikuwa mwanamke mzima na huyu wetu hajang'oa meno yote ya utoto. Na tangu siku ile, kila jirani aliyeingia kutoa pole alikuwa akisimuliwa, "Dada yake ndiye," naye akitikisa kichwa kumwelekea. Kwa hiyo waliungua watoto wawili, na mmoja tu ndiye aliyepelekwa hospitali.

Twajua ugumu wa maisha. Hatukai darini tukawaamrisha watu. Viazi havijichimbi, na katika nyumba ya watu wasio na msaidizi mkubwa hulea mdogo. Ndivyo tulivyolelewa na sisi, na mgongo wa dada ni wa kwanza kwa wengi wetu baada ya mgongo wa mama. Hatukatazi mtoto mkubwa kumwangalia mdogo wake. Tunalokataa ni kumkabidhi mtoto wa miaka tisa mambo mawili ambayo hata mtu mzima hayawezi kwa pamoja: mtoto atambaaye na moto uwakao. Ukimwachia mtoto, ondoka na moto. Ukitaka apike, ondoka na mtoto. Na likitokea la kutokea, aulizwe mchunga, naye ni baba na mama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo huuweka wajibu wa kumlinda mtoto mikononi mwa mzazi.

Msichana alirudi chuoni Jumatatu iliyofuata. Aliketi nyuma, na kwa muda mrefu hakukubali kusoma kwa sauti. Hatukumlazimisha. Ramadhani ilipita ndipo aliposoma mbele ya wenziwe.

Baada ya hayo tuseme kidogo juu ya usiku. Kuna desturi hapa kwetu, wakati wa baridi kali, ya kuingiza jiko la mkaa chumba cha kulala, kufunga mlango na dirisha, na kuziba nyufa kwa matambara. Watu huridhika kwa kuwa mkaa uliokolea hautoi moshi. Ndipo penye udanganyifu. Mkaa huo hutoa hewa ya sumu, wataalamu huiita kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Huingia damuni ikashika mahali pa hewa njema, na mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, hulegea, kisha hulala usingizi usio na mwisho. Mtoto mchanga huwahi kabla ya wakubwa. Jiko na lipashe chumba kabla ya kulala, mlango ukiwa wazi, kisha litolewe nje kabisa. Na watoto wavishwe masweta na soksi, walale pamoja.

Amri hiyo tumekuwa nayo kwa zaidi ya karne kumi na tatu. Nyumba moja ya Madina iliwaunguza wenyewe usiku, na Mtume (s.a.w.) alipopata habari akasema kwamba moto ni adui wetu, tuuzime tunapotaka kulala. Na imepokelewa kwamba panya aliwahi kuburura utambi wa taa na kuutupa mbele yake, ukachoma mkeka aliokuwa ameukalia, mahali kadiri ya dirhamu. Nasi tuliposikia mnamo Septemba 2020 kwamba bweni la Shule ya Msingi ya Kiislamu Byamungu, huko Kyerwa mkoani Kagera, limeungua usiku na watoto 10 wamefariki, tuliwaombea marehemu na wazazi wao. Kisha jioni ile ile tukazunguka chuo chetu, tukatazama kila mlango kama wafunguka kwa ndani bila ufunguo.

Mengine tutayapitia upesi. Mafuta ya taa na dawa za shamba zisitiwe kabisa katika chupa za soda. Mtoto ajua chupa ile ni ya nini, naye hana kosa. Akinywa, asitapishwe wala asinyweshwe maziwa au mafuta, maana mafuta ya taa yakirudi juu huweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo huua. Akimbizwe hospitali pamoja na chupa yenyewe. Mbegu za mahindi zilizotiwa dawa, ambazo rangi yake hupendeza kama peremende, zifungiwe. Ndoo ya maji iliyoachwa wazi yatosha kumzamisha mtoto atambaaye, kwa kuwa kichwa chake ni kizito naye akiinama ndani hawezi kujitoa. Hata maji ya udhu yafunikwe. Karanga na punje za mahindi asipewe mtoto wa chini ya miaka minne. Na vile vibetri vidogo vya duara, mfano wa sarafu, vinavyotiwa katika saa na vichezeo, ni hatari kuliko vinavyoonekana: kikikwama kooni huanza kuunguza ndani kwa muda wa saa mbili. Hilo alitufundisha muuguzi wa zahanati, na hatukuwa tumelisikia hata siku moja.

Muuguzi huyo huyo ndiye aliyetueleza la kufanya mtoto akiungua, nasi twalieleza kwa kirefu kwa sababu watu huja kwetu kabla ya kwenda kwake. Huja na mtoto analia, mkono umepakwa dawa ya meno, au yai, au majivu, au umebandikwa manyoya ya sungura, wakitaka kombe. Sisi hatukatai dua. Tumekwisha kusimulia kwamba Mtume mwenyewe alimwombea mtoto aliyeungua. Lakini kitu cha kwanza ni maji. Mvueni nguo na bangili upesi kabla hajavimba, isipokuwa nguo iliyogandia ngozi, hiyo iacheni. Kisha mmiminieni maji safi ya baridi pale palipoungua, yawe yakitiririka, kwa muda wa dakika 20. Asiye na saa na asome Suratu Yasin kwa utaratibu, bila haraka, huku akimimina. Akimaliza, muda umekaribia au umetimia. Maji ya Nyololo ni baridi sana, kwa hiyo sehemu nyingine ya mwili ifunikwe asije mtoto akapatwa na ubaridi, hasa akiwa mchanga. Na barafu isitumike. Halafu jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, wala lengelenge lisitoboliwe, na mtoto apelekwe zahanati au hospitali. Yameungua uso, viganja, viungo au sehemu za siri, basi ni hospitali bila ya kushauriana. Wengine hutuuliza juu ya asali. Asali ni shifaa, hatubishi. Lakini asali ya kibuyu iliyochanganyika na nta na mabawa ya nyuki, juu ya nyama iliyo wazi, hiyo na aiamue tabibu.

Na sasa lile la mabanzi. Mufindi huenda tukakosa vingi, lakini kwa misonobari ya Sao Hill na misumeno iliyojaa kila upande, mabanzi hatukosi. Yule baba mpasua mbao, wiki mbili baada ya mazungumzo yetu, alipigilia kijilango cha mabanzi katika mlango wa jiko lake, kimo cha kiuno cha mtu mzima, bawaba zake ni vipande vya tairi kuukuu, na kitasa kiko upande wa nje juu, mkono wa mtoto usipofika. Mama aliye ndani huwaona watoto, nao humwona. Moshi watoka, hewa yaingia, na mtoto hubaki ng'ambo. Gharama yake ilikuwa misumari tu. Jirani akaja kukitazama, naye akatengeneza chake, kisha mwingine, na vijana wa chuo wakawa wakisaidia kubeba mbao siku ya Alhamisi baada ya alasiri. Mpaka twaandika haya, nyumba saba zina vijilango. Cha nane kimewekwa juzi nyumbani kwa yule mzee wetu wa kadari, ambaye ana wajukuu watatu. Naye amtangazia kila apitaye kwamba amekiweka kwa ajili ya mbuzi.